Mionzi Saba ya Kuhesabu Ukingoja Ndege Luano

Ukiwa uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, muda unao. Ndege ya Kinshasa itafika leo, au itafika leo usiku. Katikati hapo tuhesabu mionzi, tukianzia ile inayotutisha bure na kushuka hadi ile tuliyoizoea vibaya. Katanga imeishi na mawe miaka mingi, lakini hofu yetu bado inabisha mlango usio wake.

7. Mashine ya kukagua mizigo

Kuna mama anaipita kwa mbali kama anayeepa mbwa mkali. Mwambie apumue. Mashine ile hutengeneza eksirei kwa umeme, na umeme ukikatika mionzi nayo inakatika papo hapo. Kwa jinsi umeme wa Lubumbashi tunavyoujua, hiyo ndiyo mionzi yenye likizo nyingi kuliko zote. Unururifu ni jambo jingine: kiini cha atomi kisichotulia kinatupa chembe au nishati chenyewe, hakina swichi, wala hakisikii amri ya mkubwa yeyote.

6. Ndizi, pamoja na mlaji wake

Ndizi ina potasi, na sehemu ndogo sana ya potasi hiyo ni potasi-40, ambayo ni nururifu. Katika ndizi moja, atomi kama 15 huoza kila sekunde. Usiirudishe kwa muuzaji: mwili wako wa kilo 70 una potasi-40 yake, nayo huoza zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila mwenye ndoa analala kando ya chanzo cha mionzi. Kama mwenzako anakoroma pia, kukoroma ndiko kwa kupeleka kwa wazee.

5. Ndege yenyewe

Luano iko mita 1,300 hivi juu ya bahari, na ndege itakupeleka juu zaidi, kwenye hewa nyepesi isiyozuia vizuri mionzi itokayo angani. Hata hivyo, safari ya kwenda Kinshasa hukupa kipimo kidogo kuliko picha moja ya eksirei ya kifua. Tena sisi wa karibu na ikweta tuna bahati, kwa kuwa usumaku wa dunia hutukinga kuliko wakazi wa ncha za dunia. Shida ya safari hii itabaki kuwa nauli.

4. Kifaa cha moshi darini

Baadhi ya vifaa hivi vina chembe ya ameriki-241. Inatoa mionzi ya alfa inayopitisha mkondo mdogo wa umeme hewani, moshi ukiingia mkondo unayumba, na kengele inalia. Alfa huzuiwa hata na karatasi. Beta huhitaji bati jembamba la alumini, na gama hutaka risasi au zege nene. Baada ya miaka 432 nusu ya ameriki hiyo itakuwa bado ipo, kwa hiyo kikilia usiku wa manane bila moshi, shuku betri. Ila usikifungue wala kukichoma moto: alfa ikiingia mwilini hakuna karatasi ya kuizuia.

3. Madume ya mbung'o wa Unguja

Kuanzia 1994, madume ya mbung'o yaliyolelewa Tanga yalipigwa mionzi ya gama hadi yakawa tasa, kisha yakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Likimpata bwana tasa, hadithi imeisha. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Madume yale hayakuwa na mionzi ndani yao, kwa sababu kupigwa na mionzi si kuibeba. Yalioa, hayakuzaa, ukoo ukafungwa bila matanga.

2. Kobalti, ya lori na ya hospitali

Kobalti inayochimbwa Kolwezi ni kobalti-59, imetulia. Lori likikupita barabara ya Kasumbalesa, wa kuogopa ni dreva. Lakini kobalti hiyo ikimeza nyutroni ndani ya kinu cha nyuklia inakuwa kobalti-60, inayotoa gama kali ya kuua seli za saratani. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na kidogo. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda, pale hospitali ya Mulago, ilipoharibika, wagonjwa waliona kwamba kukosa mionzi kunaweza kutisha kuliko kuwa nayo. Kobalti ya lori nayo ina jirani wa kumchunga: Novemba 2018 mgodi wa Kamoto ulisimamisha kwa muda kuiuza nje, kwa kuwa urani ilikuwa imejipenyeza humo.

1. Shinkolobwe

Urani hiyo kwao ni huku. Ya mgodi wa Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915 karibu na Likasi, na mawe mengine yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65. Kwanza Wabelgiji walitafuta radiamu. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya Union Minière alipeleka tani kama 1,200 za mawe New York, na sehemu ya urani ya Shinkolobwe ikaishia kwenye bomu la Hiroshima. Madini ya hapa yalipewa majina ya wanasayansi wa Ulaya: kuriti, bekereliti, sklodowskiti. Aliyeyabeba kichwani hakupewa hata kokoto.

Mgodi ulifungwa, wachimbaji wa mikono wakaurudia, na Julai 2004 udongo ukaporomoka ukaua wanane. Hatari nyingine haina kishindo: vumbi, na gesi ya radoni inayojaa shimoni na kuleta saratani ya mapafu. Kinga ya mionzi kwa jumla ni tatu: kaa muda mfupi, kaa mbali, weka kizuizi.

Malakiti ni ya kijani na ni pambo zuri. Torberniti nayo ni ya kijani, na ina urani. Jicho linaweza kudanganyika, kipimo hakidanganyiki. Kwa hiyo jirani akikuletea jiwe la Shinkolobwe akisema ni la bahati, mshukuru, mwambie bahati hiyo isiingie ndani walikolala watoto, kisha wote wawili mnawe mikono kabla ya kula bukari.