Kilimia cha Nyota Moja

"Mpwa wangu," mjomba alisema baada ya kuvua miwani, kuifuta kwa pindo la kanzu na kuivaa tena, "Kilimia nakijua tangu naamshwa kwenda shamba na babu yako. Kina nyota sita, saba kwa mwenye macho. Hapa naona moja, tena nyekundu."

Sebule nzima ikanyamaza. Hii ni Jumapili iliyopita, wala pilau halijashuka vizuri tumboni. Mama mkwe akaona anisitiri. "Lakini fremu ni nzuri," akasema.

Picha nilimpelekea kijana wa studio mjini ichapwe upana wa mita moja. Kijana ni fundi kweli. Kazi yake kubwa ni maharusi, na hajapata kumtoa mtu mlangoni na chunusi. "Kaka, ilikuwa na madoa mno, nimekusafishia. Hiyo sikuchaji." Akasafisha Kilimia chote, nyota kwa nyota, mpaka anga likawa laini kama shavu la bibi harusi. Akabakiza kidoa kimoja chekundu kilichompendeza, akakikoleza. Nilipompigia simu jioni ile alishangaa: "Si ndiyo nyota yenyewe?"

Siyo. Ile ni pikseli moto, kipande cha kihisi cha kamera kinachopiga kelele hata pasipo na kitu. Kwa kadiri picha ilivyojaa chenga, malaika mwenyewe angebabaika.

Kihisi ni bamba la silikoni lenye mamilioni ya pikseli. Mwanga ukigonga silikoni, elektroni hubanduka, zinakusanywa na kuhesabiwa. Basi. Waliobuni mojawapo ya mitambo hii, Willard Boyle na George Smith, waliifikiria mwaka 1969 na wakapata Nobeli mwaka 2009. Tabu ni kwamba joto nalo hubandua elektroni, na kihisi hakiulizi elektroni imetumwa na nani. Funika lenzi kwa kifuniko chake, kaa gizani dakika tano: kitakuletea hesabu ya mwanga ambao haukuwapo. Huo ndio mkondo wa giza, nao huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 6 za joto. Mzungu anayepiga picha kwenye theluji ana kihisi cha nyuzi sifuri. Mimi Januari, Morogoro, saa nne usiku, kamera imeshajichemsha yenyewe, changu kiko 30. Piga hesabu: mara 32. Anga ni lilelile, Kilimia ni kilekile, lakini mimi nalipa mara 32.

Dawa ipo, nayo ni ya ajabu. Unapiga picha za giza, kifuniko kikiwa kimefungwa, kwa muda uleule na joto lilelile, kisha unazitoa kwenye picha halisi. Pikseli moto nyingi hufutika, kwa sababu hazihami. Zisizofutika ni chenga za bahati nasibu, na hapo hata mwanga una lawama. Mwanga wa Kilimia umesafiri miaka 440 hivi, umeanza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, halafu unafika kwa matone, mara matatu, mara hakuna. Ukipanga picha 4, moja juu ya nyingine, chenga hupungua nusu. Ukitaka zibaki moja ya kumi, unahitaji 100. Yaani kazi huongezeka kwa mraba, na raha huongezeka kwa mzizi wake!

Jirani alinikuta uani napiga picha na kifuniko kimefungwa. Siku hizi ananisalimia polepole. Kamera niliyoipoza kwenye friji ilitoka na umande na harufu ya dagaa.

Kinachoniudhi si jirani wala dagaa. Ni miongozo yote ninayosoma kuniambia "subiri usiku wa baridi", kana kwamba nimeuficha mahali. Kamera yenye kipoza chake hushusha kihisi nyuzi 35 chini ya hewa iliyopo, na bei yake, ukiongeza usafiri na ushuru, ni kiwanja. Sayansi haina mpaka, wanasema. Joto linao.

Imebaki kupanda. Kila mita 1,000 hewa hupoa kama nyuzi 6, kwa hiyo mkondo wa giza hupungua karibu nusu, bure, bila ushuru. Kilele cha Lupanga, hapa kwenye milima ya Uluguru, kiko mita 2,138, mji wetu kama 500. Ila Uluguru hauachii kitu bure. Upepo wa Bahari ya Hindi ukigonga milima hii hugeuka mawingu, mawingu mvua, mvua Mto Ruvu, na Dar es Salaam wanafungua bomba wanaoga anga langu.

Hata hivyo nimeanza kudunduliza kwa ajili ya kipoza, nacho kinataka umeme wa volti 12. Wa bodaboda anayenipandisha hadi Morningside, huko mlimani, ameshatoa msimamo: betri ya gari ni abiria wa pili, na kunisubiri ni bei nyingine.