Sifa za Nyoka Asiye na Meno

Miongoni mwa viumbe waliostahiki sifa wakakosa msifu, nyoka wasio na sumu wa Bombolulu, mtaa wa Mombasa, wangepaswa kutangulizwa, kwa kuwa fira na bafe heshima wanayo tayari: wanaogopwa, wanaandikiwa vitabu, na huko Watamu kituo cha Bio-Ken, kilichoanzishwa na James Ashe na mkewe Sanda mwaka 1980, huwafuga na kuwakamua sumu kwa adabu kubwa. Asiye na sumu hana wa kumkamua. Mali yake yote ni vitisho.

Bingwa wa fani hiyo ni mla mayai, ambaye wataalamu humweka katika jenasi ya Dasypeltis, yaani kundi la spishi zenye udugu wa karibu. Chakula chake ni mayai ya ndege tu, ambayo huyameza mazima, akayapasua kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo zinazochomoza kooni, akanywa kilichomo, kisha akalitema ganda limekunjamana. Kwa kazi hiyo meno ni mzigo, na kinywani mwake hamna meno ya kutajika. Hata hivyo, akikurupushwa njiani jioni, hujipinda mikunjo inayogusana na kuisugua ubavu kwa ubavu, na magamba yake yenye kingo za msumeno yakachacharika kama mafuta ya viazi karai. Hilo lisipotosha, hupanua kinywa kitupu na kumrukia mpita njia mara kadhaa, kwa ujasiri ambao mwenye sumu hana haja nao. Mkao huo ni wa nyoka hatari wa nchi kame za kaskazini mwa Kenya, ambao wakazi wengi wa Bombolulu hawajapata kuwaona. Mwigizaji anamwiga asiyejulikana na watazamaji, na watazamaji wanakimbia vilevile.

Nyoka wa nyumbani, mla panya, hana mbwembwe hizo: akishikwa hutoa uvundo karibu na mkia, na hiyo ndiyo silaha yake.

Ukukwi, yule wa kijani apandaye miti, ana bahati mbaya ya rangi, kwa sababu mamba wa kijani, ambaye sumu yake huua, naye huishi katika miembe na mikorosho ya Pwani. Akibanwa, ukukwi huvimbisha koo hadi ngozi ya buluu iliyojificha baina ya magamba ionekane, onyesho zuri ajabu ambalo mtazamaji hulilipa kwa jiwe. Mwaka 1862 Mwingereza Henry Walter Bates, akitumia vipepeo wa Amazon, alieleza jinsi kiumbe asiyedhuru anavyosalimika kwa kufanana na adhuruye. Hoja yake ni sahihi kwa ndege, kwani ndege akidanganyika hukwepa. Binadamu akidanganyika huita majirani, na majirani huja na panga. Kwa hiyo kadiri ukukwi anavyoigiza vyema, ndivyo anavyouawa kwa hakika zaidi.

Lakini jitihada yake haipotei bure. Mzoga ukishaning'inizwa kwenye kijiti, wazee kwa vijana huthibitisha kwamba aliyeuawa ni mamba mwenyewe, na kufikia swala ya isha urefu wake umekwisha kuongezeka mara mbili.