Vyeti vya Maalim Kunguru

Katika msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, kima punju hula makaa. Wakishiba majani ya mikungu na miembe, ambayo huvuruga tumbo, hushuka chini kutafuta vipande vya makaa na kuvitafuna taratibu. Hakuna semina ya jambo hilo. Mtoto humtazama mamaye akitafuna, naye akatafuna.

Basi mwaka mmoja vijana watatu wa kima punju walikuwa hawana kazi. Akaja Maalim Kunguru kutoka Mjini na mafunzo ya siku tatu ya ujasiriamali. "Vijana, changamkieni fursa! Jiajirini!" Wakaitikia, wakapiga makofi, wakala chakula cha semina. Jioni ya siku ya tatu kila mmoja akapewa cheti cha jani kavu la mkungu, wakapigwa picha, na Maalim akaruka zake. Hakuacha mtaji wala daftari, wala hata kungu moja, tunda la mkungu ambalo ndilo fedha ya msituni.

Usiku ule ule akapita Ngawa, ambaye shughuli zake zote huzifanya gizani. "Wanangu, mtaji nnao. Chukueni kungu 100, baada ya wiki mnirudishie 120. Ishirini juu, kwa vijana wasomi kama nyinyi, ni kitu gani?" Kima punju hana dole gumba la maana, basi wakagonga kiganja kizima kwenye mkataba.

Wakanunua mapakacha kumi ya makaa kwa kungu 60. Mchukuzi akalipwa 10. Zilizobaki 30 zikaliwa kwenye sherehe ya kufungua biashara, maana Maalim alisema mjasiriamali lazima ajulikane. Makaa yakauzika yote, kungu 90. Wakagawana thelathini thelathini na kushangilia faida.

Wiki ilipotimia, Ngawa hakugomba. "Msijali, tutaongeza wiki." Zikawa 144, kisha 173, na mwisho wa wiki ya nne 207, na wao hawakuongezewa hata kungu moja mkononi. Siwalaumu vijana hawa. Siku tatu nzima hakuna aliyewawekea kungu mbele yao akawaambia: hesabuni.

Aliyewaambia ni bibi yao, Bi Punju. Walimwendea asubuhi, vyeti mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Vyeti vizuri. Sasa pangeni kungu hapa chini kama zilivyoingia na zilivyotoka."

Wakapanga. Makaa 60, mchukuzi 10, mauzo 90. Mkubwa wao akanyamaza: faida ilikuwa 20 tu, siyo 90.

"Na kama msingefanya sherehe?"

Wakapanga tena. Thelathini za akiba na tisini za mauzo, jumla 120. Deni la Ngawa 120. Hapo ndipo mdogo wao alipoona: hata wangekuwa na nidhamu ya malaika, jasho lote la wiki lingeishia kwa Ngawa. Ngawa alikuwa akijua tangu siku ya kwanza pakacha moja huuzwa bei gani, ndiyo maana akataja ishirini. Mkopo wa namna hii, bara wanauita kausha damu, na vijana wengi huuingia wakiwa wamehitimu mafunzo.

Bi Punju akawachukua hadi chini ya mtondoo, kikundi chake cha akiba kinapokutana. Katikati liko sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti: Chura, Komba na Paa. Habari za sanduku hilo aliwaletea Mbayuwayu, msafiri wa mbali: huko Niger, tangu 1991, wanawake wa vijijini huweka akiba pamoja, hukopeshana na kugawana mwisho wa mwaka. Kila anayenunua hisa hugongewa mhuri kijitabuni. Fedha huhesabiwa kwa sauti, mbele ya wote. Anayechelewa hulipa faini, na vijana wetu walianza kwa kuilipa.

Waliomba mkopo wa kumlipa Ngawa. Wakakataliwa. Kanuni ni mkopo usiozidi mara tatu ya hisa zako, na hisa walikuwa hawana. Ila kikundi kilimwita Ngawa mchana, mkataba ukasomwa hadharani, naye, akiona macho mengi, akakubali kupokea 120 kwa mafungu. Bi Punju akawaajiri vijana kubeba makaa yake. Alfajiri wawe wamefika, jioni wampe hesabu. Pakacha likipotea, wakatwe. Kila wiki sehemu kwa Ngawa, sehemu hisa moja. Mdogo wao akapewa kazi ya kuhesabu fedha za kikundi kwa sauti, na mara ya kwanza sauti ilimtetemeka.

Siku ya mgawo, deni lilikuwa limekwisha. Komba alikuwa amezeeka, macho hayaoni tena tundu la kufuli. Kikundi kikampa mdogo ufunguo wake.

Maalim Kunguru aliporudi na semina mpya, kikundi kilimkaribisha kwa sharti: siku ya kwanza aje na pakacha la bidhaa, wanafunzi walinunue, waliuze, waandike kila kungu, na cheti kisitolewe mpaka hesabu ifungwe. Aende nao siku tatu au miezi mitatu, hiyo ni juu yake. Akauliza nani atakagua madaftari. Mdogo akanyanyua mkono.