Namna ya Kubadili Nyuzi za Nailoni Bila Kugombana na Gitaa

Kabla hujagusa uzi hata mmoja, lilaze gitaa mapajani ulikague. Kichwani pana mifereji miwili mirefu iliyotobolewa? Shingo ni pana, vidole havigombanii nafasi? Kule chini, kwenye daraja, nyuzi zimefungwa mafundo kama kamba za viatu? Basi hilo ni gitaa la klasiki na chakula chake ni nailoni. Ukililisha chuma utaliua, tena litakufa polepole huku wewe ukiisifia sauti yake kali.

Nalisema hili kwa uchungu. Gitaa langu la kwanza niliuziwa likiwa na nyuzi za chuma, na muuzaji akaniapia kwamba hizo ndizo zenye sauti. Sauti ilikuwepo, sikatai. Mwezi wa nne nikachukua risiti ileile niliyopewa dukani nikaipenyeza nyuma ya daraja, ikazama mpaka kwenye jumla ya hesabu. Gundi ilikuwa imeachia. Seti ya kawaida ya nailoni, nyuzi zote sita zikiwa zimekazwa, huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Ya chuma hufika 70 na kupita. Ubao wa mbele wa gitaa la klasiki una unene wa milimita mbili na ushee tu, na ndani ya shingo kwa kawaida hamna nondo ya kuisaidia. Kuutwika ubao huo mzigo wa chuma ni ukatili, na mwenye duka la magitaa anapaswa kulijua hilo kabla ya mteja.

Nailoni yenyewe haina umri mkubwa katika kazi hii. Antonio de Torres, fundi wa Almería, Hispania, ambaye magitaa yake ya karne ya 19 ndiyo yaliyotupa umbo tunalolikumbatia leo, hakuwahi kuiona. Enzi zake nyuzi tatu nyembamba zilikuwa utumbo wa kondoo uliosokotwa, na tatu nene zilikuwa hariri iliyoviringishiwa waya. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, utumbo ukahitajika hospitalini kushonea majeruhi, wapiga gitaa wakabaki kuhangaika. Ndipo Albert Augustine, fundi mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akiishi New York, alipoijaribu nailoni ya kampuni ya DuPont, ileile iliyofumiwa soksi za kina mama, na mpiga gitaa Andrés Segovia akaipigia na kuikubali. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 utumbo ulikuwa unaaga. Udi wa taarabu nao umepita njia hiyohiyo, kutoka utumbo hadi nailoni.

Kwa hiyo watu wa pwani wanaponiuliza kama mshipi wa kuvulia samaki unafaa, siwacheki. Mshipi ni ndugu wa damu wa nyuzi zile nyembamba. Uzi wa kwanza una unene wa milimita 0.7 hivi, wa pili 0.8, wa tatu 1.0, na mishipi ya vipimo hivyo hupatikana kwa wauza zana za uvuvi. Ukikwama, funga upige. Ila mshipi uliundwa kumvuta kolekole, na kolekole hajali kama unene ni uleule toka ncha hadi ncha. Gitaa linajali. Uguse uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, bila kuukandamiza, uusikie ule mlio wa kengele. Kisha ukandamize hapohapo uupige tena. Milio miwili ikitofautiana wakati nyuzi nyingine zinakubaliana, uzi huo ni mwongo, na hakuna kukaza kutakakoufanya useme kweli. Utupe.

Sasa kazi. Tandika taulo juu ya ubao wa mbele, chini ya daraja hasa. Usiukate uzi ukiwa umekazwa. Ulegeze kwanza mpaka ulale kama utambi. Mimi hubadili zile tatu nene kwanza, kisha tatu nyembamba, ili shingo isiachwe bila mzigo wote kwa mara moja, na ili nipate nafasi ya kufuta jasho la mwaka mzima lililoganda kandokando ya freti. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Mafuta ya nazi yaache jikoni.

Fundo la darajani ndipo watu wanapoharibu. Uzi unaingia tunduni kutokea upande wa tundu la sauti, unatokea nyuma. Uache mkia wa sentimita kumi hivi. Mkia huo unarudi juu ya daraja, unapita chini ya uzi wenyewe, kisha unajichomeka chini ya kitanzi ulichokitengeneza. Kwa nyuzi nene, kujichomeka mara moja kunatosha, maana waya uliozizungushia una makwaruzo yanayoshika. Nyembamba zinateleza kama kambare. Zichomeke mara mbili, na ule wa kwanza mara tatu. Sasa sikiliza neno hili kuliko yote niliyosema: mchomeko wa mwisho lazima ubanwe nyuma, chini ya ukingo wa daraja. Ukibaki juu, hujafunga kitu.

Nilikifundisha kitu hiki kwa miaka kabla ya kukipuuza usiku mmoja nikiwa na haraka ya kwenda kupiga harusini. Uzi wa kwanza niliuchomeka mara moja, mchomeko ukabaki juu, nikaanza kukaza. Ulipokaribia kufika ukaachia. Ukapiga ubao paa, kama kibiriti kikubwa kinapowashwa. Taulo nilikuwa nimeliona ni usumbufu. Chini ya daraja kukabaki kishimo chenye ukubwa wa punje ya mchele, kina ncha iliyochongoka, na kingo zake zimeinua nyuzinyuzi za mti mwekundu. Kipo mpaka leo. Kila mwanafunzi mpya ninamshika kidole nikakipitisha hapo ahisi, kabla sijamwonyesha fundo.

Kichwani ni rahisi. Pitisha uzi kwenye tundu la kigingi, uuzungushe ujikanyage wenyewe mara moja, halafu kaza. Mizunguko mitatu au minne inatosha. Ukiacha uzi mrefu ukaviringika mara kumi, mizunguko hiyo yote itakuwa inajibana na kujilegeza kwa wiki nzima, na wewe utamlaumu aliyetengeneza vigingi.

Kulinganisha. Majina kutoka uzi mnene, ndio wa sita, kwenda mwembamba, ndio wa kwanza, ni E, A, D, G, B, E. Programu ya simu itakuonyesha mshale, itumie, ila usiiachie masikio yako. Pata A moja unayoiamini. Kipimo cha kawaida duniani ni 440 Hz, na uzi wa tano ukiwa wazi hulia 110, yaani oktavu mbili chini yake. Ukiupata huo, mengine yanafuatana: wa sita kwenye freti ya 5 ulingane na wa tano, wa tano kwenye freti ya 5 ulingane na wa nne, wa nne kwenye ya 5 ulingane na wa tatu. Wa tatu ndiye shemeji wa ukoo huu, ana desturi zake, mkandamize freti ya 4 ili alingane na wa pili. Kisha wa pili kwenye ya 5 ulingane na wa kwanza. Nyuzi mbili zisipokubaliana utasikia wimbi, wau-wau-wau. Kadiri zinavyosogeleana wimbi linakuwa refu na pole, mpaka linatulia kabisa. Siku mwanafunzi anapolisikia wimbi hilo kwa mara ya kwanza uso wake hubadilika, na kuanzia hapo simu inabaki mfukoni.

Fika kwenye sauti ukitokea chini, daima. Ukipitiliza, shuka mpaka chini yake ndipo upande tena. Ukiishia kwa kulegeza, meno ya kigingi yanabaki na nafasi, na uzi utaitumia nafasi hiyo kuteleza katikati ya wimbo.

Tena usilinganishe kwa kodi moja ukaridhika. Ukiupendezesha uzi wa tatu mpaka E meja iwe tamu kama halua, hamia C meja uone: umeshuka, unaudhi. Gitaa limegawanywa ili kodi zote zivumiliane, kila moja ikiachia kidogo haki yake. Sikiliza E, sikiliza C, sikiliza G, kisha amua.

Baada ya hapo huja simu. Naipokea karibu kila mwezi.

"Shikamoo mwalimu. Gitaa limeharibika, halikai."

"Marahaba. Nyuzi ulifunga lini?"

"Jana jioni."

Jana jioni! Nailoni mpya hunyooka. Ndiyo tabia yake, hakuna seti ya bei yoyote isiyofanya hivyo. Unaulinganisha uzi, unakwenda kujaza maji ya chai, unarudi umeshuka nusu sauti. Watu wameshayatundika magitaa yao ukutani kwa jambo hili, wengine wameyauza kwa bei ya kutupa, wakidhani wameuziwa kibovu, kumbe walibakisha siku mbili tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uzi mpya ni mgeni wa namna hiyo. Siku ya kwanza ukaze, uvute taratibu kwa kidole gumba katikati ya urefu wake, ukaze tena, hata mara kumi. Siku ya pili mara tano. Siku ya tatu upe jembe: piga nao nyimbo zako zote. Hata ngoma ya ngozi huoteshwa moto kabla haijaitwa uwanjani, na mpigaji hasemi imeharibika.

Usilipime gitaa chini ya kiyoyozi kisha ukaenda kupiga barazani. Joto na unyevu vikibadilika sauti nayo inahama, kwa hiyo fika mapema, liache lizoee hewa ya hapo, ndipo ulinganishe. Ukimaliza kupiga zifute nyuzi, nene hasa, maana jasho na hewa ya chumvi hula waya wake mapema. Zikianza kuwa nyeusi na kulia kama zimefunikwa blanketi, muda umefika. Wa nne ndio hutangulia kuchakaa. Angalia chini yake palipo juu ya freti za mwanzo, utaona waya umekatika na nyuzinyuzi za ndani zimechungulia.

Siku ya nne, asubuhi, kabla kelele za mtaa hazijaanza, lipige likiwa kama ulivyoliacha usiku. Kama wa tatu umeshuka kidogo, kaza robo ya mzunguko. Kisha chukua kikatio cha kucha, ile mikia sita uliyoiacha darajani uikate, ukibakisha nusu sentimita, maana mkia mrefu hugusa ubao na kuvuma kama nzi kila unapopiga. Taulo unaweza kuliondoa sasa.