Karabai Iliyokwama, na Mengine Yaliyoulizwa

Karabai, kwa msomaji aliyezaliwa zama za taa za sola, ni taa ya mafuta ya taa isiyotegemea utambi: mafuta husukumwa na upepo uliojazwa tangini kwa pampu, hupanda katika bomba jembamba linalopita karibu na moto, hugeuka mvuke, na mvuke huo huungua ndani ya kifuko cha kitambaa kilicholoweshwa chumvi za madini, ukatoa mwanga mweupe na sauti ya kuvuma. Ndiyo taa iliyovulia dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga usiku wa giza, na mbalamwezi ikiiva wavuvi wa Kibirizi na Katonga hupumzika. Taa za betri zimeinyang'anya kazi hiyo, hivyo karabai nyingi sasa zimo darini, na wanaouliza habari zake ni warithi.

Mrithi wa kwanza, wa Katonga, anaeleza kwamba karabai ya marehemu babu yake ina gurudumu dogo la kufungulia mafuta ambalo halizunguki hata kidogo, kwamba ameshalijaribu kwa praizi hadi likapata meno, na kwamba shemeji yake amejitolea kuleta nyundo. Safu hii inashauri nyundo irudishwe kwa mwenyewe, pamoja na shukrani.

Katika karabai za jamii ya Petromax, ambazo jina lake limebeba la Max Graetz wa Berlin, gurudumu hilo hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupandisha na kushusha waya wenye sindano inayozibua tundu la mvuke, na kwa waya huohuo hufungua na kufunga vali ya chini, yaani mlango mdogo wa mafuta uliozama ndani ya tangi. Kwa hiyo anayesema gurudumu limekwama hajataja ugonjwa bali dalili, kwani kilichoganda chaweza kuwa sindano iliyoshikwa na masizi, au vali iliyoshikwa na mafuta yaliyogeuka gundi, au mhimili wa gurudumu lenyewe pale unapopenya nati ya kubana, ambayo ndani yake mna kizibo cha grafaiti, madini meusi laini kama yale ya penseli, kinachozuia mvuke usivuje na ambacho kikikauka hushika mhimili. Chanzo cha yote mara nyingi ni kimoja, nacho ni kuiweka taa ikiwa na mafuta ndani. Hapa mafuta ya taa yanastahili kuombwa radhi, maana yamesingiziwa mengi: mwaka 2011 serikali ilipoyapandishia ushuru, shabaha ilikuwa kuwakomesha waliokuwa wakiyatumia kuchakachulia dizeli, lakini ndani ya karabai hayana hatia nyingine ila kusahauliwa humo.

Dawa ni subira. Taa itolewe nje, mbali na jiko na sigara ya shemeji. Kifuniko cha tangi kilegezwe taratibu hadi upepo uishe. Mafuta yamwagwe na tangi liachwe likauke. Tone moja la mafuta mepesi ya cherehani liwekwe pale mhimili unapoingia kwenye nati, kisha taa ilale hivyo usiku kucha. Asubuhi yake kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto kifungwe juu ya nati, kwa sababu shaba hutanuka kwa joto, na gurudumu lijaribiwe kwa vidole, unywele mmoja kulia na unywele mmoja kushoto, bila kulazimisha upande wowote. Likikataa, nati ilegezwe robo mzunguko kwa spana iliyoienea, na jaribio lirudiwe. Likizunguka bado kwa uzito, bomba lifunguliwe, na sindano pamoja na vali ya chini vilowekwe katika spiriti na kupigwa mswaki wa zamani, si msasa, maana tundu lililopanuliwa kwa msasa halirudi kuwa dogo. Taa ikisharudishwa, nati ikabanwa na pampu ikapigwa kidogo, povu la sabuni lipakwe kwenye maungio yote kabla ya kiberiti. Penye kutoa mapovu pana uvujaji, na karabai inayovuja haiwashwi. Petroli isitiwe kamwe, hata ikiwa ndiyo iliyopo.

Bibi mmoja wa Ujiji anauliza iwapo mume anayeshinda na karabai kibarazani, akiifungua na kuifunga tangu Mfungo Mosi, ametoa sababu ya talaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja uzinzi, ukatili na kutelekezwa, haitaji karabai, na kabla ya mahakama inataka shauri lipite kwenye baraza la usuluhishi. Bibi huyo anashauriwa kumkabidhi mumewe aya iliyotangulia, hasa sehemu ya kulaza taa usiku kucha, ambayo humwacha fundi bila kazi hadi asubuhi.

Wa mwisho, wa Mwandiga, anakusudia kuing'arisha karabai yake na kuwauzia watalii wanaokuja kuona ukumbusho wa Livingstone pale Ujiji, akiwaeleza kwamba ndiyo iliyoangaza mazungumzo yake na Stanley mwaka 1871. Mpango huo una kasoro ya kalenda: kifuko kinachotoa mwanga kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria katika miaka ya 1880, na Livingstone alifariki mwaka 1873. Mwuzaji aiuze kama karabai, ikiwa inawaka, na amwage mafuta kabla ya kuikabidhi.