Namna ya Kupeleka Watu Kumi Ziwani na Kurudi na Watu Kumi

Safari ya wikendi kwenye ziwa Kivu huanza na watu wanne wenye akili timamu. Jumanne jioni wanakubaliana: Jumamosi asubuhi tunapanda mtumbwi, usiku tunalala ufukweni, Jumapili tunarudi Goma. Jumatano wamekuwa tisa. Alhamisi anaongezeka binamu wa mmoja wao, mchumba wa binamu, na jirani aliyezisikia habari akiwa amekaa nyuma ya motari wa pikipiki. Ijumaa orodha ina majina kumi na tisa, na mtumbwi ni uleule wa watu kumi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Ijumaa hiyo.

Kupanga safari ya maji ni kazi ya kupunguza. Unapunguza watu, unapunguza mizigo, unapunguza saa za kuwa majini, mpaka chombo kielee vizuri na kila aliyepanda awe na hakika ya kushuka. Sisi watu wa Goma hatukulelewa hivyo. Arusini tunaongeza viti mpaka vinafika barabarani, na mgeni asiyealikwa hupata soda kabla ya aliyealikwa. Ni tabia njema na ninaipenda. Lakini mtumbwi hauna barabara ya kupangia viti.

Kwa hiyo, kabla ya hema na kabla ya mchango, mteueni kapita, yaani kiongozi wa safari. Msimchague mwenye pesa, kwa sababu anayelipia mafuta ya mota huanza kuamini kwamba amelipia na upepo. Msimchague mkarimu kuliko wote. Huyo mpeni kazi ya kugawa chakula. Kapita anayefaa ni yule dada ambaye hata wajomba humwogopa, anayeweza kumtazama mzee usoni na kusema, “Mjomba, utatusamehe sana, nafasi zimeisha, tutakuletea samaki,” kisha akanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mjomba atakumbusha nani alilipiwa karo na nani, kapita anyamaze. Mjomba atasema yeye ni mwembamba, atakaa penye mizigo. Kapita azidi kunyamaza. Akijibu neno moja tu, mjomba amekwisha kupanda.

Kapita na nahodha wawe na mamlaka ya kusema leo hatuendi. Yeyote kati ya hao wawili akilitamka, mambo yameisha. Haipigwi kura, na hakuna wa kumwita nahodha pembeni kumshika mkono wenye noti.

Ukali huu una sababu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, na waliokuwa bandarini wakashuhudia kwa macho yao. Abiria wake walipita majini kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake. Aprili 2019, chombo kingine kilipozama upande wa Kalehe na watu wengi wakapotea, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria wa ziwa hili avae jile, yaani koti la kujiokolea. Wale walisafiri kwa kulazimika: kufuata soko, kufuata shule, kukimbia risasi. Ninyi mnakwenda kufurahi. Anayekwenda kufurahi hana udhuru wowote wa kujaza chombo.

Nami nataka mwende. Vijana wengi wa mji huu wanalijua ziwa kama mahali pa kuchota maji kwa bidoni za njano na kama habari mbaya za redioni. Sehemu kubwa ya ufuko wa mjini imefungwa kwa kuta za hoteli na za nyumba za wakubwa. Watu ambao wamepitia milipuko ya volkeno ya Nyiragongo mwaka 2002 na tena 2021, na vita mpaka leo, wana haki ya kulala usiku mmoja wakisikia maji badala ya jenereta. Furaha hiyo inastahili kupangwa kwa bidii ileile tunayoiweka kwenye arusi.

Turudi kwenye jile. Kila mtu na yake, ya kipimo chake. Zijaribuni Alhamisi, nchi kavu, kwenye ua wa mmoja wenu: vaa, funga kamba zote, mwenzako aishike mabegani na kuivuta juu. Ikipanda mpaka masikioni, hiyo ni ya mtu mwingine. Jile iliyogeuzwa mto wa kukalia haihesabiwi. Na kijana aliyenunua shati jipya kwa ajili ya picha apigwe picha jile ikiwa juu ya shati. Uso wake unatosha.

Sasa mahali. Chaguo ambalo kila mtu atalitaja ni Tchegera, kisiwa chenye umbo la mwezi mwandamo, ukingo wa kreta ya kale uliobaki juu ya maji, karibu na Goma. Ni sehemu ya Hifadhi ya Virunga, kwa hiyo hakuna kufika na hema begani na kubisha hodi: ulizeni kwanza kama hifadhi inapokea wageni, na mkubali jibu mtakalopewa. Atakayependekeza Idjwi apongezwe kwa moyo wake, kisha aelezwe kwamba kile ni kisiwa kikubwa, katika Afrika kisiwa cha pili cha ziwani kwa ukubwa baada ya Ukerewe, na kwa mtumbwi mdogo kiko mbali mno na Goma. Idjwi huendewa kwa boti kubwa, safari nyingine. Linalobaki ni ufuko wa mtu mnayemfahamu, upande wa magharibi wa mji, na kwa kundi linaloanza ndilo chaguo zuri kuliko yote: mwenyeji anajua ardhi yake, na mkiugua barabara ipo.

Jueni pia kwamba ziwa hili lina nchi mbili na mpaka haukupigwa rangi majini. Upande wa mashariki ni Rwanda. Mota ikizima na mawimbi yakiwasukuma, doria haitauliza kama mlikuwa mnacheza. Chukueni vitambulisho, viwekeni kwenye mfuko wa plastiki, na mkae magharibi. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, masharti ya kusafiri ziwani yamekuwa yakibadilika. Habari za Jumatatu hazifai Ijumaa. Kapita mwenyewe aende bandarini Ijumaa mchana akaulize, na jibu likiwa la mashaka, pikieni nyumbani.

Upepo una ratiba yake, na unaheshimu saa kuliko sisi. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa baridi huteremka kutoka milimani kwenda ziwani. Mchana jua likishapasha ardhi, upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Goma iko kwenye ncha ya kaskazini, hivyo alfajiri upepo huwatoa na alasiri huwarudisha. Hatukurithi majahazi kama watu wa Lamu. Tulirithi mtumbwi wa kasia, tukaufungia mota. Lakini mwenye kaboti ka tanga amepewa zawadi hapo, na mwenye mota amepewa akiba ya siku mota itakapokataa. Makasia mawili yapande chomboni hata kama mota ilinunuliwa jana. Chagueni Juni mpaka Agosti. Katika miezi ya mvua, dhoruba hupenda kufika mchana joto likishapanda, na Kivu, ambalo lina kilomita kama 90 kwa urefu, huinua mawimbi ambayo mtu aliyelizoea kutoka dirishani hawezi kuyaamini. Mkienda miezi hiyo, iwe saa sita mchana mmekwisha kutua.

Saa ya kuondoka ni kumi na mbili asubuhi. Kuna makapita huwaambia watu kumi na moja ili wafike kumi na mbili. Msifanye hivyo, wakishajua, kila mmoja hupiga hesabu yake na mnaondoka saa nne. Semeni kumi na mbili, subirini robo saa kwa heshima, kisha ondokeni. Atakayebaki gatini atasimulia mji mzima, na safari ya pili mtawakuta wote wamelala bandarini.

Jambo la mazuku, yaani mashimo yenye gesi ya kuua, ndilo ninaloomba lisomwe mara mbili. Mkitua, kila mtu atatafuta mahali pazuri pa hema, na pazuri patakuwa kishimoni: hakuna upepo, majani laini, wapendanao hawaonekani. Papo hapo ndipo watu hufia. Ardhi ya volkeno zetu inapumua gesi ya kaboni dayoksaidi, nzito mara moja na nusu kuliko hewa, isiyo na rangi. Inatiririka mpaka kwenye shimo na kutulia humo. Mchana jua na upepo huitawanya kwa sehemu. Usiku usio na upepo na alfajiri hujaa tena. Himbi, Keshero, Bulengo, kandokando ya Lac Vert, wenyeji wanayajua mashimo hayo moja moja, na kwenye mengine ndege na mijusi waliokufa ndio bango lake. Huanza na aliye chini: mbwa, mtoto, na mtu aliyelala.

Basi hema lisimame pa juu, panapopigwa na upepo, hata kama litapepesuka usiku kucha na mchumba wa binamu akalalamika. Muulizeni mwenyeji kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza: “Mama, huku kuna mazuku wapi?” Akinyoosha mkono, msibishane. Msijipime na kibiriti wala mshumaa. Moto unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo hewa imekwisha kuwa mbaya kwa mtu. Na mwenzenu akianguka shimoni, msimkimbilie chini mmoja baada ya mwingine, kwa maana hivyo ndivyo kifo kimoja hugeuka vitatu. Iteni watu, tafuteni kamba ndefu, mvuteni mkiwa juu.

Katika kundi atakuwepo pia mtaalamu wa usiku, atakayesubiri giza aeleze kwamba ziwa zima litalipuka. Mwacheni amalize kula, kisha mweleze hesabu. Vilindi vya Kivu, ambavyo hufika mita 485 hivi, vimebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za metani, zilizoshikiliwa chini na uzito wa maji yenyewe. Wanasayansi wanaichukulia hatari hiyo kwa uzito, na upande wa Rwanda, Karongi, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukigeuza metani hiyo kuwa umeme tangu mwaka 2016. Lakini watu kumi wakiogelea penye kina cha kiuno hawaiamshi. Cha kuogopa usiku huo ni kile kishimo cha hatua ishirini kutoka kwenye hema.

Mbabula, jiko la makaa, ibaki nje. Ziwa liko mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na saa nane mtu atapata wazo la kuingiza mbabula yenye makaa mekundu ndani ya hema. Kapita amnyang'anye. Sweta na blanketi ndizo dawa.

Chakula kiwe cha watu wanaopumzika. Sombe ipikwe nyumbani Ijumaa, fufu isongwe palepale, na maharagwe makavu yakatazwe, la sivyo Jumamosi yote itakwisha mkiyachochea. Kitoweo kitawafuata chenyewe. Usiku mtaona taa za wavuvi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, na mkitulia mtawasikia wakiimba. Wanavua sambaza, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo tunawala kana kwamba babu zetu walizaliwa nao. Alfajiri nunueni kwao, bila kubishana bei kama mko sokoni, hao hawakulala. Kwa sababu yao pia, spika kubwa isipande mtumbwini, na hakuna matembezi ya majini baada ya jua kuzama. Anayepita gizani hukata nyavu za watu, na asipozikata, hunaswa nazo.

Maji ya Kivu ni maangavu, na uangavu huo umewadanganya wengi. Kipindupindu hakijauacha mji huu. Pakieni maji ya kunywa, au chemsheni, au tieni dawa, na mwenye kujisifu kwamba tumbo lake limezoea apewe kikombe chenye maji yaliyochemshwa kama wengine.

Jumapili, kazi ya kupunguza inaendelea. Mmoja atataka kuogelea mara ya mwisho, mwingine amepata mkungu wa ndizi na mbuzi mdogo wa bei nafuu. Ndizi zipande, mbuzi apite barabarani. Kapita ahesabu watu kwa kuwagusa mabega, si kwa kuuliza “tuko wote?”, kwa sababu swali hilo daima hujibiwa ndiyo. Yeye apande wa mwisho. Mkiwa na jirani Goma aliyeachiwa saa yenu ya kurudi na namba ya nahodha, mpigieni kabla ya kung'oa na mpigieni mkifika.

Nahodha alipwe bandarini Jumapili ileile, kabla ya yeyote kupanda motari kwenda nyumbani. Kama aliwaweka saa tatu ufukweni akingoja mawimbi yatulie, na mlikuwa mkinung'unika kazi za Jumatatu, mwongezeeni kwa zile saa tatu. Mwambieni wazi kwamba nyongeza ni ya kungoja, na mwambieni mbele ya manahodha wenzake.