Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Wagawa Majina

YAH: OMBI LA MZIGO WA FRASILA MBILI

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Kukata utepe kwenye jua la Dodoma si kazi ndogo.

Tunashukuru. Tukitaka kupunga upepo tunakwenda Nyerere Square. Tukiugua, Benjamin Mkapa. Semina ziko Jakaya Kikwete, nyanya ziko Job Ndugai. Na kila Julai 25, siku ya mashujaa, wenye mikuki na bunduki wakishakumbukwa, waliobaki wanafungwa furushi moja: wananchi kwa ujumla.

Katika furushi hilo yumo mpagazi. Mwaka 1916, wakipigana na Wajerumani, Waingereza waliteremka kutoka Kondoa kuifuata reli ya Dodoma huku farasi wao wakifa kwa mbung'o. Vita vikahamia vichwani mwa watu. Risasi, unga, mahema ya mabwana, vyote vikabebwa na vijana waliokamatwa vijijini, na Mjerumani naye akakamata wake. Majeshi yote mawili yakazoa ng'ombe na mtama wa Wagogo, na njaa ya Mtunya ikamaliza wengi waliobaki nyumbani. Bila vichwa vile Mwingereza asingefika relini, wala Mjerumani asingeondoka. Yule askari wa sanamu pale Dar es Salaam, tangu 1927, ana bunduki tu. Mpagazi hakusimamishwa naye pale juu.

Siombi barabara, najua zimekwisha. Naomba hivi: kabla jina la kiongozi halijapanda kibaoni, mwenyewe abebe frasila mbili, kilo 30 na ushee, kwa kichwa, kutoka stesheni hadi mji wa serikali, Mtumba. Mwezi uwe Oktoba. Peku. Kata ya kuwekea mzigo ataisokota mwenyewe, isitangaziwe zabuni. Shangingi liruhusiwe kufuata nyuma, tupu, vioo vimefungwa, kiyoyozi kikiwaka kwa heshima ya kiti. Posho ipo: kibaba kimoja cha mtama kwa siku, ambacho hakina fomu ya kusaini. Mpambe asimshikie hata jasho. Akianguka aachwe hapo hapo kando ya njia, mzigo apewe mwingine, na asiulizwe mtu alikuwa mtoto wa nani, kwa sababu wale wetu hakuna aliyeuliza, na mama zao walisubiri mpaka njaa ikawamaliza.

Samahani, Waheshimiwa. Nimepandisha sauti mbele ya wakubwa.

Madogo madogo: Kongwa, akina mama walioishi jirani na kambi za wapigania uhuru kuanzia 1964, wakalea na watoto waliozaliwa humo, wapewe japo jina la zahanati. Misafara ipunguze ving'ora. Na mkitoa hotuba za mashujaa, msome orodha ya wapagazi. Kama ni ndefu, tutaleta viti.

Mizigo tumeshaifunga. Anayetaka jina kwenye stendi ijayo aje stesheni saa kumi na moja alfajiri, viatu aache kwa dereva.

Wenu mtiifu,
Mwananchi kwa ujumla,
Nkuhungu, Dodoma